Maisha ya Ibn an-Nafis, Tabibu na Mwanachuoni wa Fikihi

Alitujia darasani mmoja katika vijana wa mji wetu aliyemaliza masomo ya udaktari, na sasa yumo katika mwaka wake wa kwanza wa kazi hospitalini, chini ya uangalizi wa wakubwa wake. Alitushitakia kuwa kazi ya usiku na mchana imemchosha, na juu ya hayo ametakiwa afanye uchunguzi na auandike. Naye haoni vipi mtu mdogo kama yeye, ambaye hawezi hata kumruhusu mgonjwa kwenda kwao ila kwa kuuliza, ataandika jambo ambalo wakubwa hawakuliandika. Tulimjibu machache siku ile, kwani fani yake si fani yetu. Lakini alipokwisha kuondoka tulimkumbuka mtu aliyekuwa tabibu, na pamoja na utabibu wake alikuwa mwanachuoni katika madhehebu haya haya ya Imamu Shafi tunayoyafuata watu wa pwani. Tukaona yatupasa kuieleza khabari yake, kwa ajili ya kijana yule, na kwa ajili ya wazee wanaowapeleka watoto wao katika elimu hiyo.

Mtu huyo ni Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, lakabu yake Alaud-Din, na mashuhuri yake ni Ibn an-Nafis. Alizaliwa upande wa Damascus, katika nchi ya Sham, baina ya mwaka 1210 na 1213, zama za utawala wa Bani Ayyub, jamaa za Sultani Salahud-Din. Alisoma elimu za dini na lugha kama walivyosoma vijana wa zama zake, kisha akaingia katika utabibu.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwani jinsi alivyosomeshwa ndiyo asili ya yote yaliyokuja baadaye.

Damascus palikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nurud-Din Zanki mwaka 1154, ikiitwa Bimaristani ya Nuri. Tangu siku za tabibu wake mkuu wa mwanzo, Abul-Majd bin Abil-Hakam, ilikuwa na ada moja njema. Tabibu mkuu huwapitia wagonjwa mmoja mmoja, awatazame hali zao, na kila atakaloamrisha katika dawa na chakula hufanywa bila ya kuchelewa. Akisha, hakwenda zake. Hukaa katika ukumbi mkubwa wa hospitali, palipokuwa na vitabu vya utabibu alivyovitoa wakfu Sultani, na matabibu na wanafunzi humzunguka. Wakasoma, wakabahathi yale waliyoyaona kwa wagonjwa, muda wa saa tatu nzima, ndipo aende nyumbani. Basi mwanafunzi wa pale hakuwa na mlango wa kutenga kitabu na mgonjwa. Asubuhi ameona homa ya mtu, na adhuhuri haijafika yu katika kusoma waliyoyasema wa kale juu ya homa ile, na alifananishe neno la kitabu na alilolishika kwa mkono wake.

Alipoingia Ibn an-Nafis katika masomo, bwana wa hospitali hiyo alikuwa Muhadhdhabud-Din ad-Dakhwar. Khabari za darasa zake ametuhifadhia mwanafunzi wake mwingine, Ibn Abi Usaibia, yule aliyetunga kitabu kikubwa cha maisha ya matabibu. Katika aliyoyaeleza ni kuwa ad-Dakhwar alikuwa akitibu pamoja na tabibu wa Kiyahudi aitwaye Imran, na kwamba wanafunzi walinufaika mno kwa kuwaona mabingwa wawili juu ya kitanda cha mgonjwa mmoja, huyu akisema lake na yule lake, mpaka ugonjwa ujulikane.

Ama nyumbani kwake, ad-Dakhwar alikuwa hapumziki. Akirudi hukaa kusoma na kunakili, kisha huingia wanafunzi kundi baada ya kundi. Kila mmoja humsomea darasa yake, na Sheikh ameshika mkononi nakala nyingine ya kitabu kile kile, akikabilisha. Wakikuta kosa katika nakala ya mwanafunzi, papo hapo husahihishwa. Na ubavuni pake daima pana vitabu vya lugha, Sihahi ya Jauhari na Mujmali ya Ibn Faris, na pamoja navyo kitabu cha mimea cha Abu Hanifa ad-Dinawari. Likipita neno lenye shaka, la ugonjwa au la mti wa dawa, hawaendi mbele mpaka walitafute. Wasomaji waliokaa mbele ya masheikh wetu wanaijua darsa ya namna hii, kwani ndiyo waliyosomeshwa katika fikihi na nahau. Na pengine hawakudhani kuwa ndiyo iliyowalea matabibu pia. Wala si jambo dogo. Herufi moja ikiharibika katika jina la dawa, aliye mwisho wa kosa hilo ni mgonjwa.

Ad-Dakhwar aliifanya nyumba yake wakfu iwe madrasa ya utabibu, akafariki mwaka 628 wa Hijra, nao ni 1230 wa Miladi. Mwanafunzi wetu wakati huo angali kijana. Yapata mwaka 1236 alihamia Misri, akafanya kazi katika hospitali za Cairo, na huko ndiko alikokaa mpaka kufa kwake.

Zama zile, mwenye kusoma utabibu kitabu chake kilikuwa Qanuni ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Na nyuma ya Ibn Sina alikuwako Jalinusi, Myunani wa karne ya pili ya Miladi, ambaye kauli yake juu ya mwili wa mwanadamu ilikuwa imesimama zaidi ya miaka elfu. Mtu aliyetaka kuitwa tabibu alihifadhi, akashereheshа, akapita. Ibn an-Nafis naye alianza kwa sharhi. Lakini tazama alivyoanza. Aliona kuwa maneno ya Ibn Sina juu ya viungo vya mwili yametawanyika, mengine yamo katika juzuu ya kwanza ya Qanuni na mengine katika ya tatu, na msomaji hawezi kuyapima hali ya kuwa yako mbali mbali. Akayakusanya mahali pamoja, kisha akayasherehesha katika kitabu chake peke yake, Sharhu Tashrihil-Qanuni. Huenda mtu akasema kukusanya si elimu. Sisi twasema kuwa aliyeyaweka maneno mawili ya mtu mmoja ubavu kwa ubavu ndiye wa kwanza kuona yakigongana.

Katika utangulizi wa kitabu hicho alieleza njia yake kwa uwazi ambao si wengi waliokuwa nao. Alisema kwamba kupasua maiti kumezuiliwa kwake na sharia, na kwa huruma iliyomo katika tabia yake. Kwa hivyo katika sura za viungo vya ndani atategemea waliotangulia katika kazi hiyo, na hasa Jalinusi. Ama katika manufaa ya viungo, yaani kila kimoja kinafanya kazi gani, hapo atafuata uchunguzi wake na nadhari iliyo sawa, ikiwafiki ya wakubwa au isiwafiki. Maulamaa wa tarekhe wamekhitilafiana kama kweli hakupasua kitu, kwa kuwa ndani ya kitabu pana mahali anaposema kuwa upasuaji wenyewe unaikadhibisha kauli fulani. Na wengine wakaona huenda aliwatazama wanyama. Sisi tunalolipenda hapa ni kule kupambanua. Aliweka mpaka baina ya alilolipokea kwa watu na alilolifikia mwenyewe, msomaji ajue kila neno limetoka wapi.

Sasa tuje kwenye mas'ala yenyewe, nayo ni ya moyo.

Jalinusi alisema kuwa damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, na sehemu yake huja katika chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo huvuka kuingia chumba cha kushoto kwa vitundu vidogo visivyoonekana, vilivyomo katika kiambaza kilicho baina ya vyumba viwili. Na huko kushoto huchanganyika na hewa, ikapatikana roho ya uhai inayokwenda mwilini. Ibn Sina akafuata njia hiyo, na akaongeza kuwa moyo una vyumba vitatu. Wanafunzi kizazi baada ya kizazi walivisoma vitundu hivyo, na hakuna aliyeviona. Kutokuonekana kwake kukawa hakuvidhuru kitu, kwa sababu mwenye kuvitaja ni Jalinusi.

Ibn an-Nafis alisema kuwa vyumba ni viwili tu. Kiambaza kilicho baina yake ni kinene, kigumu, hakina tundu la kuonekana kama walivyodhani baadhi yao, wala lisiloonekana kama alivyodhani Jalinusi. Basi ikiwa njia hiyo imefungwa, na damu bila ya shaka yafika upande wa kushoto, haina budi kuwa na njia nyingine. Njia hiyo, akasema, ni ya mapafuni: damu hutoka chumba cha kulia kwa mshipa uendao kwenye mapafu, ikatawanyika humo, ikachanganyika na hewa na kusafika, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine mpaka chumba cha kushoto cha moyo. Akasema pia kwamba baina ya mishipa hiyo miwili mna vijia ndani ya mapafu. Vijia hivyo havikuonwa kwa jicho mpaka mwaka 1661, alipovitazama Malpighi wa Italia kwa hadubini. Na katika mahali pengine pa kitabu hicho alimrudi Ibn Sina aliyesema kuwa moyo hulishwa na damu iliyomo chumba cha kulia, akabainisha kwamba chakula chake huja kwa mishipa iliyoenea katika mwili wa moyo wenyewe.

Atazame msomaji alivyolifikia jambo hilo. Hakuwa na chombo kipya, wala mfalme aliyempa mali ya uchunguzi. Alikuwa na kitabu ambacho kila mwenziwe alikuwa nacho, na swali moja ambalo wenziwe hawakuliuliza: je, njia hii wanayoitaja ipo? Na alipopinga hakutukana. Jalinusi ametajwa kwa heshima yake, na Ibn Sina kwa heshima yake, na kauli ya kila mmoja imeelezwa kamili kabla ya kujibiwa. Twayasema haya kwa sababu wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa kumheshimu mkubwa ni kutomhakiki, na wako wengine wanaodhani kuwa kumhakiki ni kumvunjia heshima mbele za watu. Na makundi yote mawili hayakusoma vitabu vya watu kama hawa.

Wala haitupasi kumzidishia. Tumesikia katika mabaraza wasemao kuwa mzunguko wote wa damu ulijulikana na Waislamu na Wazungu wakauiba. Hayo si kweli, na uongo hautupi sharafu. Ibn an-Nafis alibaki akiamini kuwa damu hutengenezwa katika ini, na kuwa roho ya uhai huzaliwa katika moyo kwa damu na hewa. Alichokijua ni safari ya damu baina ya moyo na mapafu. Ama mzunguko wa mwili mzima ulibainishwa na Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Safari ya mapafuni iliandikwa Ulaya na Servetus mwaka 1553, na Colombo mwaka 1559. Kabla yao tabibu wa Kitaliana, Alpago, aliyekaa Damascus miaka mingi, alifasiri kwa Kilatini sehemu ya sharhi za Ibn an-Nafis, ikapigwa chapa Venice mwaka 1547. Lakini sehemu hiyo ni ya madawa. Kuwa wale wawili walichukua kwake, hakuna aliyeleta hati ya kulithibitisha.

Tuirudie tabia yake. Wamesimulia kuwa alipotaka kutunga aliwekewa kalamu zilizochongwa, akaelekeza uso wake ukutani, akaandika kutoka kichwani kama mto uendao. Kalamu ikifa makali huitupa na kutwaa nyingine, asipoteze wakati kwa kuchonga. Na siku moja aliingia hamamu ya mlango wa Zuhuma huko Cairo, na alipokuwa katikati ya kuoga akatoka mpaka chumba cha kuvulia nguo, akataka wino, kalamu na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa mpaka akaimaliza, ndipo akarudi kuoga. Watu huicheka khabari hii. Sisi twamwona mtu aliyejua kuwa fikira isiyoandikwa hupotea, hata ikiwa ni ya mtu mwenye hifdhi kubwa kama yake.

Alikusudia kutunga kitabu kitakachokusanya utabibu wote, akakiita Ash-Shamil, na hesabu aliyoikadiria ni juzuu 300. Zilizosafishwa ni 80. Katika sehemu ya upasuaji ameeleza kuwa kazi hiyo ina nyakati tatu: wakati mgonjwa anapojikabidhi kwa tabibu, wakati wa kazi yenyewe, na wakati wa kumhifadhi baada yake, na katika kila wakati ametaja yampasayo tabibu, yampasayo mgonjwa na yawapasayo wauguzi. Alitunga pia juu ya magonjwa ya macho, akasherehesha vitabu vya Hippokrate, na akaifupisha Qanuni katika kitabu kiitwacho Mujaz.

Na pamoja na hayo alikuwa akisomesha fikihi ya Shafi katika madrasa ya Masruriya, Cairo, na alisherehesha Tanbihi ya Abu Is-haq ash-Shirazi. Alikuwa na kitabu katika usuli ya Hadithi. As-Subki amemtia katika Tabaqati zake, kitabu cha tarekhe ya maulamaa wa Kishafi. Hapa huenda mtu akatukumbusha Imamu Nawawi, mwenye Minhaji tunayoisoma, aliyekuwa wa zama hizo hizo na nchi hiyo hiyo ya Sham. Ni kweli kuwa Nawawi alipata kuinunua Qanuni ili asome utabibu, akaona giza limeingia moyoni mwake siku kadhaa, akaiuza na kuitoa nyumbani kila kitu cha fani hiyo. Khabari hii tumesikia ikitolewa hoja ya kuwazuia vijana. Lakini Nawawi, Mungu amrehemu, alieleza hali ya moyo wake yeye, hakutoa fatwa. Huyu aliitwaa Qanuni hiyo hiyo, wala haikumtoa katika fikihi.

Zama zake hazikuwa za raha. Baghdad iliangamizwa na Wamongoli mwaka 1258, na maktaba ngapi zikaenda nayo. Mwaka 1260 walifika Sham, mpaka wakavunjwa Ain Jalut na majeshi ya Misri. Katika yote hayo yeye alikuwa Cairo, akitibu na kuandika.

Mwishowe aliugua siku sita. Matabibu wenziwe waliona katika ugonjwa wake kuwa kidogo cha mvinyo kingemfaa, wakamshauri anywe. Akakataa, na maana ya jawabu lake ni kuwa hatakutana na Mola wake hali ya kuwa kitu hicho kimo tumboni mwake. Alifariki siku ya Ijumaa, 21 Mfunguo Pili mwaka 687, nao ni Desemba 1288. Nyumba yake na vitabu vyake vyote alikuwa amekwisha kuvitoa wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun miaka michache kabla yake. Mwalimu wake aliwaachia wanafunzi nyumba, naye akafanya vivyo hivyo.

Sasa likaja jambo la kuhuzunisha. Wanafunzi waliokuja baadaye waliipenda Mujaz, kwa kuwa ni fupi na yahifadhika. Ikasherehesheka, na sharhi zake zikatiwa hashia, karne baada ya karne. Ama ile Sharhu Tashrihi iliyokuwa na mas'ala ya moyo, waliitaja wachache katika washereheshaji wa Qanuni, na wengi waliendelea kuvisomesha vitundu vya Jalinusi. Nakala zake zikakaa katika makabati. Wala hakuna aliyeipiga marufuku, haikuulizwa tu.

Aliyeiuliza alikuwa kijana. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Kimisri, Muhyid-Din at-Tatawi, alikuwa akisoma katika chuo cha Freiburg, Ujerumani, na akatakiwa, kama alivyotakiwa kijana wetu, atoe uchunguzi wake kwa maandishi ili apewe shahada. Naye akaichukua nakala ya mkono ya Sharhu Tashrihi iliyokuwako katika maktaba ya Berlin, akaisoma mstari kwa mstari, akakuta maneno tuliyoyaeleza. Waalimu wake walistaajabu, wakapeleka kuuliza kwa Max Meyerhof, Mjerumani aliyekuwa tabibu wa macho Cairo na mjuzi wa vitabu vya Kiarabu vya utabibu. Meyerhof akazitafuta nakala nyingine, akakabilisha moja na moja, akaona kuwa kijana amesema kweli. Akayatangaza kwa maandishi yake katika miaka ya 1933 na 1935. Uchunguzi wa at-Tatawi wenyewe haukupigwa chapa zama hizo.

Kwa muda watu walidhani kuwa kitabu kile ni cha utu uzima wa Ibn an-Nafis, alipokuwa amekwisha kuwa mkuu wa matabibu wa Misri na kuwa na wanafunzi wake. Kisha ikahakikiwa nakala iliyomo katika maktaba ya chuo kikuu cha California, mjini Los Angeles, ambayo mnakili wake ameiandika tarehe: mwaka 640 wa Hijra, yaani 1242, miaka 46 kabla ya kufa mwenyewe. Kwa hesabu hiyo, alipoandika kuwa kiambaza cha moyo hakina tundu, umri wake ulikuwa yapata miaka thalathini au haujatimia.